Miaka Niliyoitikia Jina la Mama

Nilikuwa nimebakiza mwaka mmoja na miezi michache nistaafu nilipoambiwa kwamba miaka yangu haitoshi.

Aliyeniambia ni binti wa ofisi ya wafanyakazi hapa Migori, msichana mpole anayeongea na wewe huku anatazama kompyuta. Kazi yangu ni kufagia soko na stendi. Nilikuwa nimetoka kazini moja kwa moja, aproni bado kiunoni, nikaketi kwenye ukingo wa kiti ili nisikichafue.

"Mama, uliajiriwa kwa kudumu ukiwa umechelewa," alisema. "Ukifika sitini utakuwa na miaka saba na miezi mitano. Pensheni ya kila mwezi inataka kumi."

"Na nisipofikisha kumi?"

"Unapewa pesa yako mara moja. Ukiimaliza, imeisha."

Nikamwambia nimeshika ufagio tangu nikiwa msichana, Homa Bay, kabla hata ya yeye kuzaliwa. Alikubali kwa kichwa. Alisema vibarua vya miezi mitatu mitatu havihesabiki, kwa sababu kila miezi mitatu ulikuwa unaachishwa na kuandikwa upya. Kinachohesabika ni kazi iliyokwenda mwaka au zaidi bila kukatika. Mtu akiwa na miaka ya namna hiyo, na akiwa na ushahidi, anaweza kuinunua. Analipa michango ambayo angekatwa wakati ule, na miaka inaingizwa kwenye hesabu yake.

Niliporudi sokoni niliwaeleza wenzangu. Mmoja, ambaye hufagia upande wa mitumba, alisimamisha toroli.

"Miaka inauzwa? Aki niulizie ya ishirini. Nirudishiwe na kiuno changu cha zamani."

"Unanunua ile uliyokwisha kuifanya," nikamwambia.

"Hapo sasa wamekuwa wajanja. Nifagie, halafu nilipie kufagia!"

Tulicheka, lakini nilicheka nikiwa nimechoka. Kwa sababu miaka isiyokatika nilikuwa nayo. Nilikuwa nayo sita. Shida ni kwamba haikuandikwa kwa jina langu.

Mama yangu alikuwa mfagiaji wa baraza la mji, Homa Bay. Baba alikuwa ametangulia zamani. Mama alikuwa kibarua, lakini kibarua wa namba, maana jina lake lilikuwa kwenye rejista mwaka hadi mwaka na hakuna aliyeligusa. Sisi tulikuwa Wasabato, kwa hiyo Jumamosi hakufagia. Alifagia Jumapili badala yake, yeye na mama mwingine wa kanisa letu, na soko zima likawa lao wawili. Huyo mwingine alitoka kisiwani, na wote walimwita nyar Rusinga, binti wa Rusinga, kama wanawake wa kwetu wanavyoitwa kwa walikozaliwa.

Mama alikufa nikiwa na miaka kumi na mitano. Aliugua wiki mbili tu, huku akifagia hadi Ijumaa ya mwisho. Tulikuwa watoto watano, na mdogo kabisa alikuwa hajaota meno yote. Jumatano, siku moja baada ya mazishi, nyapara wa wafagiaji alikuja nyumbani pamoja na nyar Rusinga. Nyapara hakuwa mtu wa maneno mengi. Alinyoosha miguu, akatutazama tulivyokaa mstari mmoja kwenye mkeka, akaniuliza, "Wewe unajua kufagia?"

"Najua."

"Nikipeleka habari ofisini, namba ya mama yenu inapewa mtu. Kuna watu wanaisubiri. Kwa hiyo sijapeleka. Kesho asubuhi njoo. Nikisoma jina la mama yako, itika."

Hivyo ndivyo nilivyoacha shule, nikiwa darasa la saba, bila barua na bila kuaga. Na hivyo ndivyo ilivyokuwa kwamba hakuna mtu wa kwetu aliyekwenda kuandikisha kifo cha Mama. Tulimzika, tukamlilia, kanisa likaimba, lakini karatasi hatukuchukua. Karatasi ingemtoa kwenye rejista.

Nyar Rusinga ndiye aliyeona ubaya mwingine. Tulipokuwa tukitoka nyumbani asubuhi ile ya Alhamisi alinishika mkono.

"Jina la maiti haliitikiwi kwa mdomo wa mtoto wake," alisema. "Ukisikia linasomwa, usiseme kitu. Gonga mpini wa ufagio chini. Mara mbili. Ufagio ni wake, acha ufagio uitike."

Nyapara alisoma majina ishirini na kitu, kila mmoja akajibu "nipo". Alipofika kwa Mama, nikagonga mpini kwenye saruji mara mbili. Aliinua macho. Kisha akaweka alama yake, akaendelea. Kuanzia siku hiyo ikawa hivyo. Hakuna mfagiaji hata mmoja aliyewahi kutuchongea. Wakubwa wa ofisini walipokuja kukagua, waliona mwanamke mwembamba mwenye leso kichwani, na rejista ilisema ni mwanamke, ikawatosha.

Nilipofika miaka kumi na minane ningepaswa kuchukua kitambulisho, niandikwe kwa jina langu. Lakini ukienda kuomba kitambulisho unaulizwa kitambulisho cha mzazi, na mzazi mwenyewe yuko wapi. Niliogopa swali hilo. Nikaacha mwaka upite, na mwingine. Nilipokuwa na ishirini na moja nyapara yule alistaafu, akaja mwingine aliyetaka kuona kila mtu na kitambulisho chake. Mjomba alinipeleka kwa chifu, tukapata. Nikaandikwa upya kama mtu mgeni, kibarua cha miezi mitatu. Jina la Mama lilikatwa kwa mstari mmoja, likaishia hapo.

Miaka iliyofuata ilikatika kama uzi mbovu. Miezi mitatu ndani, miezi miwili nje. Nikiwa nje nilianika omena za watu, wale dagaa wa ziwani, au nilipalilia. Wadogo zangu walisoma hivyo hivyo. Mdogo wetu wa mwisho, yule wa meno, akawa mwalimu, akapangiwa shule upande wa Migori. Ni yeye aliyeniita huku. Na ni huku, nikiwa nimeshapita hamsini, ambako vibarua wa zamani walikuja kuandikwa kwa kudumu.

Huyo mwalimu ndiye wa kwanza wa nyumbani niliyemwambia kwamba nina miaka saba na inatakiwa kumi. Alikuwa anasahihisha madaftari ya watoto, hakuinua kalamu.

"Dada, achana nayo. Utakula kwangu. Sisi wanne tutashindwa kukulisha wewe?"

"Hamtashindwa."

"Basi?"

Nilikuwa nimeona wazee wa kulishwa. Mwezi huu yuko kwa huyu, mwezi ujao yuko kwa yule, mfuko wake wa nguo haufunguliwi wote, na kila nyumba anasalimiwa kwa sauti ya juu kidogo, sauti ya kumpokea mgeni. Niliwalea watoto wanne nikiwa mtoto. Sikutaka wanirudishie kwa kunizungusha. Nilitaka kitu kidogo kiingie kila mwezi, nikae kwenye nyumba yangu, mtu akija nimpe chai ambayo nimenunua mimi.

"Ile miaka ni yangu," nilimwambia mwishowe.

"Rejista inasema ni ya Mama."

"Rejista ilidanganywa."

Hapo ndipo alipoweka kalamu chini. "Na unataka kwenda kuwaambia hivyo? Ofisini? Kwa mdomo wako?"

Nilikwenda. Niliomba ruhusa ya siku mbili, nikaenda Homa Bay. Karani wa kumbukumbu alikuwa kijana wa umri wa mwanangu, kama ningekuwa na mwana, mwenye sweta lisilo na mikono. Nilimweleza yote tangu mwanzo, bila kupunguza. Alinisikiliza huku akizungusha kalamu mezani. Kisha akanipeleka kwenye stoo ambako madaftari ya baraza la zamani yamefungwa kwa kamba ya katani. Ilimchukua karibu asubuhi nzima. Nilipanga yale aliyokwisha kuyaangalia, na bila kufikiri nikaokota kitambaa, nikawa napangusa vumbi.

"Mama, acha," alisema. "Leo hujaja kazini."

Alilipata daftari la miaka yetu. Karatasi ilikuwa imegeuka rangi ya chai, lakini wino ulisomeka. Alifuata kwa kidole hadi kwenye jina la Mama. Alama za nyapara zilijipanga siku baada ya siku, vijiti vidogo vilivyolalia upande mmoja.

"Alifariki lini?"

"Nikiwa na miaka kumi na mitano. Msimu wa kupanda. Jumapili alfajiri."

"Tarehe?"

Sikuijua. Niliwahi kuijua, lakini nyumba iliyokuwa na Biblia yenye tarehe zetu ilianguka kwa mvua, na sisi tukawa tunakumbuka msimu tu.

Karani alifunua kurasa mbele, akafunua tena. "Kwa hiyo marehemu amefagia miaka sita baada ya kuzikwa," alisema. Hakusema kwa dharau. Alisema kama mtu anayejaribu jinsi litakavyosikika kwa mkubwa wake. "Mama, mimi nakuamini. Lakini siwezi kuandika kwamba nakuamini. Niletee cheti cha kifo, kionyeshe alikufa kabla ya alama hizi. Hapo tutajua si yeye aliyekuwa anafagia. Halafu niletee mtu aliyefanya kazi nanyi, aape kwamba ni wewe."

Cheti cha kifo hatukuwa nacho. Kwenye karatasi za serikali Mama alikuwa hai, mwanamke mzee sana ambaye hajawahi kuugua. Ili nipate miaka yangu ilibidi kwanza nikamuue.

Samahani kwa neno hilo. Lakini ndivyo nilivyolisikia kichwani nikiwa nimekaa pale kwenye foleni ya kuandikisha vifo vilivyochelewa, katikati ya watu waliofiwa juzi, ambao macho yao bado yalikuwa mekundu. Mimi nilikuwa nimebeba kifo cha zaidi ya miaka arobaini. Mama mmoja aliyekaa karibu nami aliniuliza nimefiwa na nani. Nikasema na mama yangu. Akanishika goti, akasema pole, akaniuliza tunazika lini. Nikasema, "Tumeshazika."

Naibu wa chifu wa kwetu alikubali kuandika barua, maana kaburi lipo na kila mtu analijua. Lakini afisa wa dirishani alirudisha fomu. Nafasi ya tarehe haikuwa na tarehe. Msimu wa kupanda hauandikwi.

Niliwapigia simu wadogo zangu wote. Mmoja, anayechimba dhahabu Macalder, aliniambia ni mwezi wa tatu. Mwingine alisema wa nne. Mwalimu alisema, "Dada, mimi nilikuwa na meno manne." Tukagombana kidogo kwa simu, kwa mara ya kwanza, juu ya siku ambayo hakuna kati yetu aliyewahi kuizungumzia.

Nilirudi Migori bila kitu. Nikafagia wiki tatu. Asubuhi kuna baridi stendi, na goti langu la kulia huwa halitaki kukunjika hadi jua litoke. Niliwaza kumwambia mwalimu sawa, nitakula kwako. Nililifikiria neno lenyewe, nikalipima jinsi nitakavyolisema. Halafu Jumapili moja nikiwa nyuma ya vibanda vya samaki, peke yangu, kwa sababu hata huku Wasabato tunafagia Jumapili, nilikumbuka kitu. Nilikumbuka kwamba mimi sikuanza siku ile aliyokufa. Nilianza Alhamisi.

Nilikwenda tena Homa Bay. Karani aliponiona alicheka kidogo. "Mama, hujachoka?"

"Nimechoka. Fungua ukurasa wa msimu wa kupanda."

Tulitafuta pamoja. Mwezi wa nne. Vijiti, vijiti, nafasi tupu ya Sabato, vijiti. Kisha nafasi tupu ya Sabato nyingine, na baada yake misalaba minne midogo. Jumapili, Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Hayupo, hayupo, hayupo, hayupo. Alhamisi, kijiti.

Nyapara alikuwa hajapeleka habari ofisini, lakini zile siku nne hakuweza kuandika kwamba yupo. Nilitazama daftari lote hadi mwisho. Katika miaka yote sita iliyofuata hapakuwa na msalaba mwingine kwenye jina lile. Sikujua kwamba sikuwahi kukosa hata siku moja. Nilikuwa nadhani nilikosa, nilipougua malaria, au siku mdogo wangu wa pili alipoumwa na nyoka. Kumbe nilikwenda.

Karani alihesabu, akaandika tarehe ya Jumapili ile kwenye kipande cha karatasi na kunisukumia. Nilikisoma. Ilikuwa tarehe ya kawaida tu.

Aliyebaki kuapa ni nyar Rusinga. Wenzake wote walikuwa wamekufa, na nyapara pia. Anakaa kwa binti yake Mbita, macho yameingia ukungu, lakini masikio yake ni ya kijana. Nilipomwendea alinipapasa mikono kwanza, viganja, akasema, "Bado unafagia wewe." Alikubali kuja. Binti yake alimvalisha viatu vya kanisa.

Karani alimpa kiti karibu na meza. Alimuuliza maswali yake kwa Kiswahili cha ofisini, naye akajibu kwa Kiswahili cha sokoni, na pale kilipomwishia akamalizia kwa Dholuo, karani akawa anaandika.

"Nyanya, unamjua huyu?"

"Namjua kabla hajamaliza kukua."

"Ni yeye aliyefagia kwa jina la mama yake?"

"Sasa angefagia nani, wuoda? Marehemu? Wewe umewahi kuona marehemu anafagia? Mimi nimeomba sana waje kunisaidia, hawaji."

Karani aliinamisha uso. Wuoda maana yake ni mwanangu, na sidhani kama kuna mtu mwingine humwita hivyo ofisini. "Alikuwa anaitikaje wakati wa kusoma majina?" aliuliza. Nadhani aliuliza ili kuona kama maelezo yetu yanalingana, maana mimi nilikuwa nimeshamweleza.

"Soma," alisema nyar Rusinga.

"Nisome nini?"

"Soma kama nyapara. Soma majina."

Karani alinitazama, akatazama mlango, kisha akaanza kusoma kutoka juu ya ukurasa. Majina ya wanawake niliowajua. Kila alipotaja mmoja, nyar Rusinga alisema kwa sauti ndogo, "Amekufa. Huyo pia. Huyo aliolewa Ntimaru, amekufa." Alipofika kwake mwenyewe alisema, "Nipo." Karani akasoma jina la Mama.

Sikupanga. Mkono wangu uligonga meza mara mbili.

Nyar Rusinga aligeuza uso wake upande wangu. "Si umesikia?" alimwambia karani.

"Nimesikia, Nyanya," alisema. "Ila hilo siwezi kuliandika."

"Andika unaloweza."

Aliandika kwamba shahidi alifanya kazi na mwombaji na anamtambua. Nyar Rusinga alibandika kidole gumba. Cheti cha kifo kilitoka baada ya miezi miwili, na wakili akagonga mhuri kwenye hati ya kiapo. Miaka ilipokubaliwa, mwalimu aliuza ng'ombe wangu niliyekuwa nimemwachia, tukalipa michango. Hakusema tena habari ya kula kwake. Alisema tu, "Dada, ukishastaafu, nitakuja kunywa chai."

Kazi ya mwisho ilikuwa ya kutia sahihi. Karani alitaka niweke sahihi pembeni ya kila mwezi ninaoudai, kwenye nakala ya rejista, ili kesho mtu mwingine asiudai. Alianza kufunua. Alipita kurasa za Mama mwenyewe, akafika kwenye misalaba minne. Nikaweka kalamu pale pembeni, nianze kutia.

"Hapana, si hapo," alisema. "Utumishi unahesabiwa kuanzia miaka kumi na minane. Ulikuwa mtoto." Alifunua miezi thelathini na kitu kwa pamoja, kifungu kizima cha karatasi kati ya vidole vyake, akasimama kwenye mwezi niliofikisha miaka kumi na minane. "Anzia hapa. Mitatu inakutosha. Saba na mitatu, na miezi mitano juu."

"Na hii ya katikati?"

"Si ya mama yako, maana tumeshaandika kwamba alikuwa amefariki. Na yako haiwezi kuwa." Alifikiri kidogo, kwa kweli alifikiri. "Hiyo tuiache, Mama."

Nikatia sahihi. Sahihi yangu ni ya polepole, niliijifunza ukubwani, na kufikia ukurasa wa kumi vidole viliuma. Karani aliniletea soda. Nilitia zote. Kisha nikamwomba anipe kile kifungu alichokiruka, nikakitazama tena kidogo, vijiti vyote vile vya msichana ambaye hakukosa hata siku moja, nikamrudishia, akakifunga na vingine kwa kamba.